Korona Inachemka

Rejeta tumebadili. Themostati tumebadili.
Pampu ya maji imetoka Kampala kwa basi la usiku,
na bado, ikianza tu kupanda Kanaba,
mshale unaingia wekundu.

Hapa gereji Kabale, ikinguruma tuli,
haina neno. Baridi kama mtungi.

"Gasketi imeungua," asema Rwabushaija.
Anataka kuipasua injini yote.

Kemigisha, mwanagenzi wake, hajibu.
Amelala ubavu matopeni, tochi mdomoni;
anaitoa:
"Kanyaga mafuta. Zaidi. Zaidi!"

Na ule mpira wa chini, mzima machoni,
ukajifyonza, ukabonyea bapa
kama koo la mtu anayezuia kilio.

Nikaachia.
Ukatuna tena, kana kwamba si wenyewe.

Mpira mpya, elfu kumi na tano.
Rwabushaija akazirudisha spana sandukuni,
moja moja,
bila kuzihesabu.