Kitalu cha Kusini

Saa tisa usiku, Kalistoga. Tunaingia kitaluni
taa zimefungwa kwenye vipaji vya nyuso,
kwani zabibu, asema Eleuterio, huvunwa zingali usingizini:
jua likishapanda, sukari huanza fujo.

Mstari wa kwanza Zinfandeli.
Kichala kimoja kina rika zote,
punje iliyosinyaa imeegemea punje mbichi
kama matangani, ambako wajukuu hucheka.

Petiti Sira ni ndogo kwa jina tu.
Wino wake nimeupeleka benki,
nimeupeleka kanisani, kwa daktari wa meno;
hausikii sabuni.

Karinyani ameinama
kama mtu aliyeangusha sarafu
mwaka alipopandwa, hajaipata bado.

Februari litakuja tingatinga.
Mjukuu amekwisha piga hesabu: Kaberne ndiyo inayolipa.
Bonde zima sasa linasema Kaberne, Kaberne,
kama mtoto aliyejifunza neno moja
na kila mgeni akampigia makofi.
Simlaumu. Kaberne ni tamu kweli, na mshahara wangu
umetoka humo kwa miaka sita.

Bi Pelletti yumo ndani ya pikapu, hita inanguruma,
blanketi magotini, miaka tisini na mmoja.
Anataka kichala cha shina la kumi na saba, si jingine.
Anapasua punje kwa ukucha, anaielekeza kwenye taa yangu:
"Tazama."

Nyama yenyewe nyekundu.
Sikuwahi kuona. Hawa wengine wote ni weupe ndani,
wekundu wa divai yao hukopwa kwenye ganda.
Alikante hakukopa.

"Divai ilipopigwa marufuku," asema,
"baba alimpakia huyu garimoshini, akaenda hadi mashariki.
Ngozi nene. Akafika mzima."
Anakula punje. Anatema kokwa dirishani,
moja, mbili, ya tatu inamwangukia kidevuni.

Eleuterio anafunga utepe wa buluu kwenye shina lile.
Haniambii kitu. Namwona tu
akiujaribu mkasi wake kwa kidole gumba,
ilhali kupogoa ni Januari.

Alfajiri, kwenye mizani,
karani anauliza aina. Fomu ina mstari mmoja.
Nyuma yangu zote zimo katika sanduku moja, zinavuja pamoja.
Natazama vidole vyangu,
naandika: nyekundu.