Hodi kwa Mashine ya Mestia

Saa tano na dakika nne usiku, Kutaisi,
niliandika amri moja, ya kuwaka upya,
nikaenda kuchemsha chai.
Kiini kipya cha mfumo kilikuwa kimeshapakuliwa,
kimepewa namba ndefu kama ya mfungwa.
Niliporudi na kikombe: kimya.

Nikabisha.
Ustaarabu ni hodi tatu, kisha mgeni ageuze njia.
Mimi nilibisha mia nne na kumi,
pakiti kwa pakiti, na kila moja
ikapotelea kule juu, kilomita mia mbili na ushee,
nyuma ya theluji iliyoziba barabara tangu Jumanne,
ndani ya stoo ya shule,
kati ya madawati mabovu na gunia la viazi.

Ufunguo anao Mzekala, mpishi.
"Nimefika. Pana baridi. Inakoroma, lakini haijaamka."
"Nisomee kioo."
"Herufi hizi si zetu, sizijui."
"Basi nichoree kwa maneno. Anza mwisho."
Akavuta pumzi.
"Mwisho pana mabano. Ndani yake mayai mawili,
katikati yao mkia wa panya."

Hapo nikajua. Sifuri, mkato, sifuri:
mayai mawili yasiyo na kiini.
Imeamka gizani, imepapasa ukuta,
haikuuona mlango wa diski yake yenyewe.

Na kosa ni langu. Kile chumba kidogo cha kuwashia
nilikiacha kikajaa viini vya zamani, vinne, labda vitano,
miaka miwili nikisema nitafagia kesho.
Hiki kipya kiliingia bila mzigo wake,
mpangaji aliyeachwa na lori la vyombo.

"Zima. Washa. Kile kitufe cha kona, juu kushoto,
kibonyeze mara moja, usingoje."
Alingoja. Mayai yakarudi.
"Nilikuwa napuliza vidole," alisema.
Mara ya pili alikibonyeza kama anayeua chawa.
Orodha ikatoka.
"Shuka. Shuka tena. Hicho cha chini kabisa."

Takataka ile ile niliyoionea haya
ndiyo iliyokuwa bado inaijua njia.

Hodi.
Karibu, ikasema,
kwa milisekunde thelathini na nane.

Nilikunywa chai yangu ikiwa baridi.
Mzekala hakukata simu.
"Hivi kazi yake nini, mashine hii?"
"Inapima mto. Kina chake, kila dakika kumi."
Nikasikia bawaba, kisha buti,
theluji ikivunjika hatua kumi, kumi na mbili.
Akasimama.
"Umeganda," akasema. "Ungeniuliza."