Usiku wa Kwanza, Mara ya Tano

Saa kumi jioni, na Leeds imeshafunga giza.
Bi Hadasa sweta kaivaa ndani nje,
hataki niigeuze.
"Leo usiku wa ngapi?"
"Wa tano."
"Wa tano! Na zile nne zimepita wapi?"

Nta ya jana nimeibandua kwa kisu cha siagi,
mishumaa nimeipanga kuanzia kulia
kama alivyonielekeza mwenyewe
mwaka ule alipokuwa bado ananielekeza.
Mmoja uko nje ya safu, wa kuwashia wenzake.
Huo ni wake. Mkono unatetemeka,
wangu uko chini yake, kama wa anayekinga maji.

Dua mbili anazisoma bila kukwaa.
Kisha ya tatu,
ile ya kushukuru kwa kuufikia wakati huu.

Jana binti yake, Shulamiti, alinipigia simu:
ya tatu ni ya usiku wa kwanza tu.
Nikauliza, nimkatize?
Kimya. Nikasikia birika likichemka kwake, Glasgow.
"Mwache," akasema. "Mama ndiyo kwanza anafika."

Basi tumefika.
Ndimi tano za moto, ya sita pembeni,
na zote tena ndani ya kioo cha dirisha
zikiwaka juu ya mapipa ya taka ya jirani.
Mimi, nisiye wa dini hii, nimeitika amina.
Donati tumegawana, jemu imemdondokea kifuani.

Ananigeukia, macho yamejaa:
"Mwanangu, leo usiku wa ngapi?"

"Wa kwanza," nasema,
nikitafuta kitambaa.