Inchi Kumi na Nne

Saa kumi na moja na nusu. Jua limeingia msitu wa Arabuko,
mbuzi nimewafunga kwa Thoya, mbali,
makumbi ya nazi yanafuka ndani ya kopo
na moshi umeanza kutoka mweupe, wa baridi.
Mbodze alitufunza hivyo kwa siku tatu:
puliza mara mbili mlangoni, halafu ngoja,
hesabu hadi sitini, usikikimbilie kifuniko.
Nilipofika arobaini nikapotea,
nikaanza upya.

Mzinga niliuweka mtupu kando ya hori ya Mida,
miguu minne ndani ya makopo ya oili chafu, siafu wasipande,
nikaupaka nta kidogo, nikarudi kwenye sare zangu za shule.
Wiki ya pili Thoya akapita akicheka:
"Mama Ngowa, umepata wapangaji.
Kodi sijui utawadai vipi."

Leo ndiyo mara ya kwanza nabisha hodi.

Patasi ikang'oa kifuniko, kikalia krrr
kama zipu ya suruali ya mtu aliyenenepa.
Sauti yao ikapanda,
cherehani kumi chumba kimoja, zote kwenye pindo refu.
Fremu ya kwanza tupu.
Ya pili nta changa, nyepesi kama bitana.
Ya tatu mkono uliniambia kabla ya jicho: nzito.
Asali ya maua ya mchu imezibwa pembeni,
chavua ya manjano, chavua ya rangi ya kutu,
na katikati majana, vifuniko vyake kama biskuti.

Malkia simwoni.
Mrefu, alisema Mbodze, hana haraka, wengine humpisha.
Nageuza ya nne, nageuza ya tano,
wote wana haraka, hakuna anayempisha mtu.
Nimemponda? Amehama? Amekufa lini?

Hapo mmoja akaingia.
Chandarua hiki nilikishona mwenyewe,
mimi fundi wa miaka ishirini na sita,
na pale penye kola niliruka nusu inchi.
Yeye aliiona.
Aliniuma chini ya sikio. Nikasema neno
ambalo mwanangu hajawahi kulisikia kinywani mwangu.
Fremu sikuiangusha.

Nikaielekeza kwenye mwanga, machozi yananitoka,
na ndani ya kila kijumba nikaona
ncha ya uzi mweupe, imesimama wima,
kama niliyoikata kwa meno.
Mayai. Yakisimama hivyo, ni ya jana.
Basi jana alipita hapa, mimi nikipiga pasi.
Ni mara ngapi nimejua nani aliingia jikoni
kwa kopo la chumvi lililosogezwa tu?

Fremu nane kati ya kumi zina kazi. Wanataka ghorofa,
na ghorofa ninayo: meza yangu ya kukatia.
Tangu mitumba ifurike Malindi
ilikuwa ya kuwekea ndoo na madaftari.
Kitsao seremala aliniuliza mara mbili kama nina hakika,
ya tatu hakuuliza, akashika msumeno.
Mbao za mbambakofi, ubavuni bado pana alama za inchi
alizozichora mume wangu kwa rangi nyekundu,
kuanzia saba,
kumi na nne yake imepinda.

Nikalipandisha sanduku juu ya lile la kwanza,
likakaa, likayumba, nikalisukuma kwa nyonga, likakaa.
Nyuki wa mwanzo kutoka akapanda ubavuni,
akafika kumi na nne,
akaipapasa ile rangi kwa vipembe,
akageuka, akaenda kuwaita au kutowaita wengine.

Usiku, sikio limevimba kama andazi,
naitafuta patasi kila mahali.
Uani. Kwenye kopo la moshi. Chini ya cherehani.
Halafu nakumbuka: niliilaza juu ya fremu
nilipokuwa nikilipanga sanduku.

Ipo ndani.
Wiki ijayo nitaikuta wameigandisha kwa gundi yao,
na nitahitaji patasi nyingine ya kuing'olea.