Yai la Ndeanasia

Baada ya ibada, Kidia, nje ya mlango wa kanisa,
mnada: mkungu wa ndizi, debe la kahawa,
halafu yai. Yai moja, la Ndeanasia.
"Mia tano!" "Elfu!"
Mimi, mwenye ghorofa isiyoisha kule Soweto,
niliyehesabu vigae katikati ya sala ya toba,
nikapaza sauti: "Laki!"

Wakapiga makofi. Yeye hakupiga.
Akanisogelea, kitenge kikinuka moshi wa kuni:
"Elifuraha, mimi kuku ninaye mmoja.
Wewe laki unazo ngapi?"

Nateremka kwenda Moshi kwa gia ya kwanza,
mkono mmoja usukani,
mwingine umefumbata kitu kisichojua kufuli.
Ile sala naianza upya,
macho wazi, kona kwa kona,
nikiogopa kukaza vidole.