Kalamu na Karamu

Nilivuka mipaka miwili na begi moja,
Sirari, halafu Busia, muhuri juu ya muhuri,
hadi Lugazi, ambako hewa yenyewe ina sukari
na malori ya miwa huangusha vipande
ambavyo watoto huvigombea kabla vumbi halijatua.

Mjomba Nyamhanga alipiga simu usiku wa kwanza:
"Wanakulipa ngapi?"
Chumba, nikasema. Posho na maharage. Chandarua.
"Wachina! Wenye matingatinga!
Wewe, binti wa Tarime, unawafundisha bure
lugha ambayo si yao wala si yako?"
Salio likakata kabla sijapata jibu.
Mpaka leo silijui vizuri.

Kumi na mmoja walikuwa, wanachuo,
wametoka mji ambao Wenjing aliuchora ubaoni
kwa nukta moja, akauzungushia milima.
Darasa letu lilikuwa bati tupu.
Mvua ikinyesha tulifundishana kwa midomo tu,
kama samaki.

Kisha tukafika kwenye r.
Kwa Kiingereza, kati ya wali na chawa
kuna ulimi mmoja tu uliokosea njia.
Bai Shuo aliomba sahani ya chawa.
Darasa likacheka, naye akacheka,
lakini niliyaona masikio yake yakiiva.

Nayajua masikio yale.
Darasa la tatu, nimesimama, mikono nyuma:
"Mwalimu, nimepoteza karamu yangu."
Kalamu! Rula kwenye vifundo.
Karamu.
Rula.
Watoto arobaini wakaishambulia karamu yangu kwa kicheko,
na mimi sijui nimekosea wapi,
kwa kuwa nyumbani kwetu l haijawahi kupewa kigoda.

Basi sikushika rula.
Nilileta kioo changu cha mkono, kikapita dawati hadi dawati:
tazameni ulimi, unalala wapi, unaamkia wapi.
Siku nzima tulichunguliana vinywani
kama matabibu wa meno.

Jioni nikamsimulia Nalongo, mpishi,
akimenya matoke, mikono imepakwa mafuta.
"Mwalimu Lobi," akasema (hata yeye!),
"kwetu r hatangulii mlangoni.
Humsubiri e, au i, amshike mkono, ndipo aingie.
Peke yake haendi popote. Ana haya."

Ati ana haya.
Nilicheka hadi nikakalia gunia la mkaa.
Kumbe mji mzima ulikuwa ukiniita Lobi,
fundi cherehani, muuza vocha, mlinzi wa lango,
na mimi nikidhani hawanisikii.

Kesho yake niliandika ubaoni: Robhi.
Anayeweza, aseme. Asiyeweza, naye aseme.

Miezi sita.
Wenjing aliipata r mwezi wa nne, bafuni,
akatoka mbio, mikono inachuruzika,
akinguruma kama pikipiki inayokataa kuwaka.
Wengine waliipata nusu.
Jiayi hakuipata kabisa; aliandika insha
kuhusu jino la mwisho la bibi yake,
na insha hiyo sijairudisha hadi leo.

Siku ya kuagana Nalongo alipika luwombo.
Majani ya mgomba yalipofunguliwa
mvuke ukatuficha nyuso, ikawa afadhali.
Bai Shuo akasimama.
Kiswahili alichoniibia nje ya kipindi,
neno leo, neno kesho,
akakipanga mbele ya watu wote:
"Mwalimu Lobi. Ahsante kwa kalamu hii."
Akionyesha kuku.

Chaki ilikuwa bado mfukoni mwangu.
Nikaiacha humo humo.
Karibuni, nikasema,
kwa mdomo ule ule wa darasa la tatu.
Kureni.