Mgongo wa Zaburi

Kimeletwa kwangu Jumatatu, kimeviringishwa shuka
kama mgonjwa aliyeteremshwa mlimani.
Zaburi ya chapa, ya miaka ile mashine ilipokuwa ngeni
na watu wakiigusa karatasi kwa ncha ya kidole
kuona kama wino utawachafua.
Mbao mbili za mwaloni. Ngozi ya nguruwe, nyeupe zamani,
sasa rangi ya jino la mzee.
Kifungo kimoja cha shaba kipo.
Cha pili ni matundu mawili ya misumari.

Ukurasa wa kwanza, chini, mwandiko wa haraka:
*Kitabu hiki ni cha watawa wa Rautenzell.
Atakayekiiba, mkono wake ukauke.*
Na juu ya laana, bila haya, mhuri wa serikali
iliyoifunga monasteri ikapakia maktaba nzima
kwenye mikokoteni ya viazi.
Karani aliyegonga mhuri ametia saini: Leopold Hirnbein.
Nimemtafuta kwenye daftari za mazishi.
Alifika miaka themanini na moja,
mikono yote mizima.

Mashine haikujua kuchora herufi kubwa.
Iliacha visanduku vitupu mwanzoni mwa kila zaburi,
kama viti vya wageni,
na Ndugu Gozbert akaitwa aje kuketisha herufi:
nyekundu, buluu, nyekundu, buluu,
B yenye tumbo la mwokaji,
D inayotazama nyuma kama aliyesikia jina lake.
Hadi zaburi ya themanini na saba.
Baada ya hapo viti vitupu, mpaka mwisho.
Macho? Tauni? Hasira?
Hakuna aliyeandika, nami sitasema nisilolijua.

Leo nimelainisha gundi ya mgongoni kwa maji ya uvuguvugu.
Inanuka kwato.
Ngozi ivute ili maji, husema watu,
na hata kuivua, uivue ili maji.
Nimesubiri. Dirishani theluji ilikuwa ikibadili nia.
Ngozi ikaachia.

Chini yake, kati ya mshono na mshono,
vipande vitano vya ngozi ya ndama,
vyembamba kama utepe wa nywele,
vimeandikwa kwa mkono: noti za kwaya,
nusu ya *haleluya*, mkia wa neno *usiku*.
Nyekundu ile. Buluu ile.
D inayotazama nyuma.

Kumbe walimkata yeye.
Kitabu chake cha nyimbo, kikuukuu, hakiimbwi tena,
abati akasema kisipotee bure.
Kufa kufaana: nguruwe, ndama, mwaloni, Gozbert,
wote wamebeba Zaburi ya mashine
mgongoni, miaka mia tano na ushei,
hakuna aliyewauliza kama ni nzito.

Lakini kipande cha tano ni kipana, kimepinda.
Ndicho kile kinundu nilichokipapasa Jumatatu
nikamsengenya mjalidi: mvivu huyu, kisu butu.
Kisu hakikuwa butu.
Kilifika penye maneno, kikazunguka:
*Gozbert aliandika. Mwombeeni. Kidole gumba kinauma.*
Mjalidi akageuza wino ndani,
akapaka gundi, akavuta ngozi, akanyamaza.
Jina la mjalidi silijui. Hakujiandika popote.

Bi Pfrang, mkuu wangu, ana utaratibu, na utaratibu ni mzuri:
kila kipande kitolewe, kipigwe picha,
kipewe namba, kilale kwenye bahasha yake.

Saa kumi na moja nimeshona.
Nimepaka gundi mpya, nimeivuta ngozi ili maji.
Kinundu kiko palepale.
Kwenye fomu nimejaza: *vipande vilivyopatikana, vinne.*

Nimeutazama mkono wangu chini ya taa,
mbele na nyuma.
Una gundi tu.